Kuchagua Wazazi wa Kuku Watagaji: Mwongozo kwa Mfugaji wa Kienyeji

Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula uani hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa mikupuo mitatu au minne yenye mayai 10 hadi 15 kila mmoja. Kuku wa kisasa wa mayai, akiwa bandani na chakula kamili, hupita mayai 300. Wote wawili chimbuko lao kuu ni kuku mwitu mwekundu wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye porini hutaga mayai 10 hadi 15 tu kwa mwaka. Tofauti kati ya ndege hawa imeletwa na mambo mawili yanayokwenda pamoja: matunzo, na wazazi waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi. Mwongozo huu unahusu zaidi jambo la pili. Unamlenga mfugaji mwenye majike 10 hadi 50, asiye na maabara wala mashine ya kutotolesha, anayetaka mitetea watakaozaliwa kwake wawazidi mama zao kwa mayai.

KINACHORITHIWA

Hakuna jeni moja ya mayai. Idadi ya mayai ni jumla ya tabia kadhaa: temba ameanza kutaga akiwa na umri gani, anataga siku ngapi mfululizo kabla ya kuruka siku, anaatamia mara ngapi kwa mwaka, na anapumzika muda gani anaponyonyoka manyoya. Kila tabia kati ya hizi huongozwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Jenomu ya kuku, yaani orodha nzima ya vinasaba vyake, ilichapishwa mwaka 2004 kutokana na kuku mwitu mwekundu. Tangu hapo watafiti wameonyesha sehemu nyingi za jenomu zinazohusiana na utagaji. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba karibu kuku wote wa kufugwa waliopimwa wana namna moja ya jeni iitwayo TSHR, isiyo ya kawaida kwa kuku mwitu. Jeni hiyo inahusika na jinsi mwili unavyotumia urefu wa mchana kupanga msimu wa kuzaa, na inadhaniwa kwamba mabadiliko hayo ndiyo yaliyosaidia kuku wa nyumbani kutaga bila kungoja msimu.

Mfano wa pili unamgusa mfugaji moja kwa moja. Homoni ya prolaktini hupanda kuku anapoanza kuatamia. Ikipanda, ovari husinyaa na kutaga hukoma. Jeni ya homoni hiyo iko kwenye kromosomu ya 2, na katika sehemu inayoiwasha kuna kipande cha herufi 24 za vinasaba ambacho baadhi ya kuku wanacho na wengine hawana. Leghorn weupe, ambao karibu wamepoteza kabisa tabia ya kuatamia, kwa kawaida wanacho. Katika makundi kadhaa ya kuku kipande hicho kimeambatana na mayai mengi zaidi. Katika mengine uhusiano huo haukuonekana. Ndiyo maana kupima jeni moja hakumpi mfugaji mdogo jibu la uhakika. Daftari la mayai, ambalo hupima kazi ya jeni zote kwa pamoja, lina thamani kubwa kwake kuliko kipimo cha maabara.

Swali la msingi kwa kila tabia ni hili: kati ya tofauti zinazoonekana baina ya kuku na kuku, ni kiasi gani kinatokana na urithi na kiasi gani na chakula, maradhi na hali ya hewa? Sehemu ile ya urithi ndiyo huitwa kiwango cha kurithika.

KISANDUKU CHA 1: Viwango vya kurithika, kwa makadirio ya kawaida
• Uzito wa yai: asilimia 40 hadi 60
• Umri wa kutaga yai la kwanza: asilimia 30 hadi 50
• Idadi ya mayai: asilimia 10 hadi 30
(Viwango hutofautiana kati ya kundi na kundi. Matunzo yakiwa duni au yakibadilikabadilika, hushuka.)

Kisanduku hiki kinaonya juu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba ukubwa wa yai hubadilika haraka kwa kuchagua, lakini ukubwa na idadi huvutana: ukoo unaochaguliwa kwa mayai makubwa tu huelekea kutaga machache. Uzito wa mwili nao ni hivyohivyo. Mfugaji anayebakiza kila mara jike mkubwa kuliko wote anajenga kundi la nyama huku akidhani anajenga kundi la mayai.

La pili ni kwamba idadi ya mayai hupanda polepole. Chukua kundi la majike 20 wenye wastani wa mayai 50 kwa mwaka, na ndani yake majike watano bora wenye wastani wa mayai 70. Wamezidi kundi kwa mayai 20, na kiwango cha kurithika tuseme ni asilimia 20. Ubora wa urithi wa majike hao basi ni kama mayai 4 tu juu ya kundi. Yaliyobaki ni bahati ya chakula, umri na afya. Mabinti hupata nusu ya urithi kwa mama, kwa hiyo wakipandwa na jogoo wa kawaida watazidi wastani wa zamani kwa mayai 2. Jogoo akiwa mtoto wa mmoja wa majike bora, matarajio hufika mayai 3. Ni kidogo, lakini hudumu: faida ya chakula hutoweka chakula kikikatwa, ilhali ya urithi huongezeka juu ya ile ya kizazi kilichotangulia.

Ethiopia imeonyesha mahali njia hii inapoweza kufika. Katika kituo cha utafiti cha Debre Zeit, kuanzia mwaka 2008, kuku wa kienyeji aina ya Horro walichaguliwa kwa mayai na uzito, kizazi kwa kizazi, bila kuchanganywa na kuku wa kigeni. Baada ya vizazi vichache, mayai yaliyohesabiwa hadi umri wa wiki 45 yalikuwa zaidi ya maradufu. Kundi lao lilikuwa kubwa na kumbukumbu zao kamili, kwa hiyo mfugaji wa uani asitegemee kasi ileile. Njia yenyewe ni moja.

MATUNZO YATANGULIE

Kuchagua katika kundi lenye njaa ni kubahatisha. Jike mwenye urithi mzuri asiyepata chokaa atataga machache kuliko jike wa kawaida anayefika wa kwanza kwenye jalala la jirani, na daftari litamsifu asiyestahili. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kuhesabu mayai, kuku wote wanaolinganishwa wapewe hali moja kwa angalau miezi miwili:

• Chakula cha nyongeza chenye protini ya asilimia 16 hadi 18: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa au soya.
• Chokaa, mifupa iliyosagwa au magamba ya konokono wa baharini, yawekwe kwenye chombo cha peke yake kuku wajichukulie. Ganda la yai moja lina takribani gramu 2 za kalisi, na kuku asiyeipata kwenye chakula huitoa kwenye mifupa yake hadi achoke.
• Maji safi kutwa nzima. Kuku aliyekosa maji kwa siku moja ya joto hupunguza kutaga kwa siku kadhaa.
• Chanjo ya mdondo, ambao wengine huita kideri. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, inastahimili joto kuliko chanjo nyingine na inafaa vijiji visivyo na jokofu. Ugonjwa huu unaweza kufagia kundi zima pamoja na daftari lake.
• Dawa ya minyoo, na usafi wa viota dhidi ya utitiri.

Mchana wa ukanda wa Ikweta ni saa 12 hivi, na majike hutaga vizuri zaidi wakipata mwanga wa saa 14 hadi 16. Taa ya saa mbili au tatu jioni inasaidia, ila matemba wasiongezewe mwanga kabla mwili haujakomaa.

JOGOO, NA MAMA YAKE JOGOO

Katika makundi mengi ya vijijini jogoo huchaguliwa kwa umbo, rangi na ubabe. Hapo ndipo kazi nyingi ya kuboresha mayai huharibikia. Jogoo mmoja hupanda majike 8 hadi 10, kwa hiyo nusu ya urithi wa vifaranga wote wa banda hutoka kwake peke yake. Hatagi, lakini jeni za kutaga anazo.

Kuna na jambo la pili, lisilojulikana sana. Kuku ana kromosomu 78, yaani jozi 39, na jozi moja huamua jinsia. Jogoo ana Z mbili. Jike ana Z moja na W moja. Kila mtetea hupewa W na mama yake na Z na baba yake. Maana yake ni kwamba jeni zote zilizo kwenye Z, mtetea amezipata kwa baba tu. Kwenye Z kuna jeni ya kipokezi cha prolaktini, ile homoni ya kuatamia, na jeni ya kipokezi cha homoni ya ukuaji. Jike bora hawezi kumpa binti yake Z yake. Humpa mwanawe wa kiume, na huyo ndiye huwapelekea mabinti zake.

Agizo linalotoka hapa ni fupi: pora wa kubakizwa awe mtoto wa jike mwenye rekodi bora. Lakini desturi huenda kinyume. Inapokaribia Idi, Krismasi au mwaka mpya, wanunuzi huchukua pora wakubwa wenye afya, na banda hubaki na wadogo waliokataliwa. Mwaka unaofuata hao ndio baba wa kundi zima.

MTEGO WA KUKU MLEZI

Kuna uteuzi mwingine unaofanyika bila mfugaji kukusudia. Pasipo mashine, vifaranga huanguliwa na kuku anayeatamia. Jike anayetaga mfululizo bila kuatamia, mayai yake huishia sokoni au jikoni, na urithi wake hufa naye. Jike anayetaga mayai 12 na kuyalalia ndiye huacha kizazi. Kila mwaka, basi, kundi hujazwa upya na watoto wa wanaoatamia sana.

Gharama ya kuatamia inaonekana kwa hesabu rahisi. Kutaga mkupuo mmoja huchukua wiki mbili hadi tatu, kuatamia siku 21, na kulea vifaranga miezi miwili au mitatu. Mzunguko mmoja hula takribani miezi minne, na mwaka unatoa mizunguko mitatu.

Dawa yake ni kutenganisha kazi ya kutaga na ya kulea. Majike wawili au watatu waliozoea kuatamia wawekwe kama walezi. Mayai yao wenyewe yaliwe au yauzwe. Chini yao yawekwe mayai ya watagaji bora, 10 hadi 15 kwa kila mlezi kulingana na ukubwa wake. Walezi ni kuku wa thamani na hawana sababu ya kuchinjwa; kinachozuiwa ni kuwafanya mama wa mitetea wa kesho.

Mtagaji bora anayetaka kuatamia huzuiwa kwa kuwekwa kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu kilichoinuliwa, hewa ikipita chini ya tumbo lake, akiwa na chakula na maji ya kutosha. Baada ya siku tatu hadi tano wengi huacha. Kumchovya kuku kwenye maji, kumfunga kamba au kumnyima chakula ni ukatili usioleta faida yoyote, na humchelewesha kurudi kutaga.

HATUA ZA KUCHAGUA

1. Kila jike apewe alama. Pete za plastiki za rangi mguuni zinatosha: rangi moja kwa mwaka wa kuzaliwa, nyingine kwa ukoo. Pete zikaguliwe kila mwezi kwa kuku wanaokua zisije zikabana.

2. Viwepo viota vyenye mlango wa kujifunga. Sanduku la sentimita 30 kwa 30, lenye kimo cha sentimita 35, huwekwa kibao chepesi mlangoni kinachoanguka kuku anapoingia. Kuku hukaa ndani hadi atolewe, na yai lake huandikwa alama yake kwa penseli. Kiota kimoja kwa majike watatu au wanne kinatosha. Viota vikaguliwe kila baada ya saa moja au mbili, hasa asubuhi, maana mayai mengi hutagwa kabla ya saa sita mchana. Kuku akisahauliwa ndani wakati wa joto anaweza kufa. Si lazima kutega kila siku: siku tatu zilezile kila wiki zinatosha kulinganisha kuku na kuku, mradi siku nyingine milango ifungwe kwa juu ili viota vibaki wazi.

3. Daftari lifunguliwe. Kila jike apewe ukurasa wake: tarehe ya kuanguliwa, tarehe ya yai la kwanza, mayai ya kila mwezi, tarehe za kuanza na kuacha kuatamia, tarehe ya kunyonyoka manyoya, mayai yaliyotiwa kwa mlezi na vifaranga walioanguliwa.

   Mfugaji asiyeweza kutengeneza viota hivyo anaweza, kwa kundi la majike wasiozidi wanane, kuwatambua kwa mayai. Kila jike huelekea kutaga yai la umbo na rangi moja. Lenye ncha kali, la mviringo, lenye madoa ya kahawia upande mnene. Njia hii si kamili, lakini ni bora kuliko kumbukumbu ya kichwani.

4. Kuhesabu kuendelee kwa miezi minne hadi sita tangu yai la kwanza. Kwa kuku wa kienyeji muda huo unapaswa kujumuisha angalau mikupuo miwili. Hakuna haja ya kungoja mwaka mzima, kwa sababu utagaji wa miezi ya mwanzo unaonyesha kwa kiasi kizuri utakavyokuwa wa mwaka.

5. Walinganishwe wanaolingana. Temba aliyeanguliwa mwezi wa tatu asipimwe na kuku wa miaka miwili, wala aliyetaga msimu wa mavuno asipimwe na aliyetaga wakati wa njaa.

6. Wapangwe kwa idadi ya mayai, na robo ya juu iteuliwe. Kati ya majike 20, wachukuliwe watano. Kuchukua mmoja tu aliyeongoza ni kosa, kwa kuwa nafasi yake inaweza kuwa ya bahati, na watoto wote watakuwa ndugu. Jike mwenye mayai dhaifu, miguu mibovu au tabia ya kula mayai aachwe hata kama amewazidi wote kwa hesabu.

7. Wakaguliwe kwa mkono (Kisanduku cha 2) ili kuthibitisha daftari.

8. Majike wateule watengwe na jogoo aliyekusudiwa. Mbegu za jogoo hukaa hai ndani ya jike kwa wiki mbili hadi tatu. Mayai ya kutotolesha yaanze kukusanywa wiki tatu baada ya kumwondoa jogoo wa zamani. Yakikusanywa mapema, baba wa vifaranga hatajulikana.

9. Mayai yatunzwe mahali pa baridi, ncha ikiwa chini, yasizidi siku saba kabla ya kuwekwa chini ya mlezi. Vifaranga wa kila mama wafungwe uzi wa rangi yake siku ya kwanza, na uzi ubadilishwe wanapokua.

10. Pora wawili au watatu wabakizwe, kutoka kwa mama tofauti walioongoza. Kati ya ndugu wa mama mmoja, achaguliwe mwenye miguu imara, macho maangavu na ukuaji mzuri. Hapa umbo lina nafasi yake, lakini baada ya ukoo.

KISANDUKU CHA 2: Kumkagua jike anayetaga
• Upanga na ndevu: vyekundu, laini, vyenye joto. Asiyetaga huwa na upanga uliosinyaa, mkavu, wenye ukurutu.
• Mlango wa kutagia: mpana, wenye unyevu, mweupe. Asiyetaga: mdogo, mkavu, wa manjano.
• Mifupa miwili ya nyonga: vidole viwili hadi vitatu viingie katikati yake. Kwa asiyetaga huingia kimoja tu au hakiingii.
• Kutoka mifupa hiyo hadi ncha ya mfupa wa kidari: vidole vitatu hadi vinne, na ngozi ya tumbo laini.
• Rangi ya manjano: kwa kuku wa ngozi ya manjano, hufifia kwanza kwenye mlango wa kutagia, kisha kuzunguka jicho, kisha mdomo, mwisho miguu. Mtagaji wa muda mrefu huwa na miguu iliyopauka. Alama hii haiwafai kuku wa miguu myeupe au myeusi.
• Manyoya: anayechelewa kunyonyoka na kuota mapya haraka kwa kawaida ni mtagaji mzuri. Kwa hiyo kuku mwenye manyoya yaliyochakaa mwishoni mwa mwaka asidharauliwe. Mara nyingi yule aliyependeza ndiye aliyekuwa amepumzika.

Ukaguzi wa mkono huonyesha nani anataga leo. Hauonyeshi nani ametaga mengi kwa mwaka, na hauwezi kuchukua nafasi ya daftari.

DAMU KUKARIBIANA

Kundi dogo lililofungwa hudhoofika. Kaka na dada wakizaana, au baba na binti, kifaranga ana nafasi ya asilimia 25 ya kupata, katika sehemu yoyote ya urithi wake, nakala ileile kutoka pande zote mbili. Jeni mbovu zilizojificha hujitokeza hapo: mayai hayaanguliwi, vifaranga hufa, na utagaji hushuka. Banda lenye jogoo mmoja na majike 10, lisiloingiza damu mpya, huongeza ukaribu wa damu kwa takribani asilimia 14 kila kizazi. Likiwa na majogoo wawili wanaopanda kwa usawa, ongezeko hushuka hadi karibu asilimia 7.5.

Njia nyepesi ni ushirika wa wafugaji watatu wanaoweka daftari. Kila mwaka pora wa banda la kwanza huenda la pili, wa la pili huenda la tatu, na wa la tatu huenda la kwanza. Majike hawahami. Jogoo hafikii kupanda mabinti zake, na kila mmoja hupata urithi uliochaguliwa na mwenzake. Jogoo mgeni akae karantini ya wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa, kwa kuwa mdondo husafiri na kuku aliyenunuliwa mnadani.

CHOTARA

Kuku walioboreshwa, kama Kuroiler wa asili ya India, Sasso wa asili ya Ufaransa na kienyeji walioboreshwa na KALRO nchini Kenya, hutaga zaidi ya kuku wa kawaida wa kienyeji wakipata chakula cha kutosha. Kununua vifaranga hao na kuwafuga kwa mayai ni uamuzi mzuri. Kosa hutokea mfugaji anapototolesha mayai ya chotara akitarajia watoto wafanane na mama zao. Kuku wa kisasa wa mayai hupatikana kwa kukutanisha koo maalumu zilizotunzwa mbalimbali, mara nyingi nne, na sehemu ya ubora wake ipo kwa sababu ya mkutano huo. Wakizaana wenyewe kwa wenyewe, urithi hutawanyika: mmoja hufanana na bibi huyu, mwingine na babu yule, na wastani wa mayai hushuka.

Jogoo chotara juu ya majike wa kienyeji huleta mabinti wenye mayai zaidi, lakini pia wenye kula zaidi. Banda lisilonunua chakula halipati faida hiyo. Mfugaji asimpandishe jogoo huyo kwa majike wote. Nusu ya kundi ibaki na damu ya kienyeji, kwa kuwa ikishapotea hairudi.

JENI ZINAZOONEKANA KWA MACHO

Kishingo, yaani kuku asiye na manyoya shingoni, ana jeni moja inayopunguza manyoya ya mwili mzima: karibu robo kwa aliyeirithi upande mmoja, na karibu asilimia 40 kwa aliyeirithi pande zote. Hupoteza joto kwa urahisi, na penye joto la nyuzi 30 au zaidi hushikilia utagaji kuliko mwenye manyoya kamili. Pwani na mabonde ya joto wasichukiwe kwa sura zao. Nyanda za juu zenye baridi hawafai.

Kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja kwenda juu, naye hupoza mwili, ila jike kidimu asipandwe na jogoo kidimu. Robo ya watoto watarithi jeni hiyo pande zote mbili, na manyoya yao hukatika hadi kubaki karibu uchi. Tahadhari kama hiyo iwekwe kwa kuku wa miguu mifupi sana: moja ya jeni zinazoleta ufupi huo huua kiinitete kikiirithi kwa wazazi wote, na robo ya mayai yenye mbegu hupotea. Kwa majogoo wenye upanga mpana uliolala kama waridi, baadhi yao, waliorithi upanga huo pande zote, wana mbegu dhaifu. Mayai yasiyo na mbegu yakizidi, jogoo wa upanga wa kawaida ajaribiwe.

Lipo na suala la harufu ya samaki kwenye mayai ya ganda la kahawia. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba hutokana na kasoro katika jeni iitwayo FMO3: kuku aliyeirithi pande zote hushindwa kuvunja kemikali moja inayotoka kwenye vyakula kama unga wa samaki, na kemikali hiyo huingia kwenye kiini. Wateja wakilalamika, dagaa wapunguzwe kwanza. Jike ambaye mayai yake bado yananuka, huku ya wenzake yakiwa safi, asifanywe mzazi.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUTOTOLESHA

☐ Kila jike ana pete na ukurasa kwenye daftari.
☐ Mayai yamehesabiwa kwa miezi minne au zaidi.
☐ Waliolinganishwa ni wa rika moja na chakula kimoja.
☐ Wateule ni zaidi ya watatu, na si ndugu wote.
☐ Mama wa jogoo anajulikana na yuko kwenye robo ya juu.
☐ Jogoo si baba, kaka wala mtoto wa majike atakaowapanda.
☐ Wiki tatu zimepita tangu jogoo wa zamani aondolewe.
☐ Walezi wapo tayari, na mayai yao wenyewe yameondolewa.
☐ Chanjo ya mdondo haijapitiliza muda.

Kuku wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi sita hadi minane. Mfugaji atakayeanza daftari mwezi huu atayaona mayai ya mabinti wa wateule wake baada ya mwaka mmoja na zaidi kidogo, na ulinganisho wa haki kati yao na mama zao utataka miezi minne mingine. Katika muda huo wote, jambo ambalo haliwezi kurekebishwa likishakosewa ni jogoo. Kwa hiyo pora wa majike bora wafungwe pete na kutengwa kabla mnunuzi wa sikukuu hajabisha hodi, na bei yoyote atakayotaja, hao wasiuzwe.